Kiringye: Kabla ya kukata miembe ya shule, tusikilize kwanza

Mmezoea kusoma hapa habari za usalama, bei ya muhogo sokoni, daraja lililokatika na mtu aliyetekwa njiani. Leo nawaandikia jambo ambalo hakuna mkubwa atakayelitolea tangazo: namna mambo tunayoyaona na kuyasikia shambani, mtoni na chini ya miti yanavyoingia ndani ya mtu, yakamtuliza au yakamtia hofu. Msiseme mwandishi wenu amegeuka mshairi. Kuna jambo linaloamuliwa hapa kwetu siku hizi, nitalifikia.

Kwa asiyeijua Kiringye: sisi tuko katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa mji wa Uvira, upande ambako uwanda unakutana na milima inayopanda kwenda Lemera na mbele zaidi Itombwe. Mashariki, mtu akisimama mahali palipoinuka, anaona mstari wa kijani unaojipinda kama nyoka. Huo ni mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake Tanganyika, na ng'ambo yake ni milima ya Burundi. Katikati ni mpunga, muhogo, mahindi, migomba na maharagwe. Wakati wa mvua bonde lote ni kijani. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, ni vumbi na majani makavu, na usiku mistari ya moto inayopanda milimani pale watu wanapochoma nyasi.

Kila mkaaji wa hapa anaijua tofauti ya nyakati hizo mbili ndani ya mwili wake. Kiangazi watu wanagombana haraka. Waulizeni wazee wanaokaa barazani kuamua kesi za mipaka ya mashamba na za ng'ombe walioshuka kutafuta majani. Mvua za kwanza zikishuka, mtu aliyekuwa hakusalimii anakuuliza kama una mbegu.

Mpunga peke yake una rangi nyingi. Ukiwa bado kwenye kitalu ni kijani chenye kung'aa, kama umewashiwa taa kwa ndani. Ukishahamishwa unanyauka siku chache, na shamba linakuwa maji tu yenye mawingu ndani yake. Kisha unashika, unajaza, na upepo wa saa kumi ukivuma unapita juu yake kama mkono unaopapasa mgongo wa paka. Saa hiyo utakuta watu wamesimama kwenye tuta la mfereji, jembe begani, hawafanyi kitu. Ukimuuliza mmoja anafanya nini atakuambia anaangalia maji. Maji yameshaangaliwa tangu asubuhi.

Mimi pia ni mmoja wao. Kazi hii ya kuandika habari inataka simu iwe wazi usiku na mchana, na simu ya mwandishi wa bondeni hailii kwa habari njema. Siku nikipokea majina ya waliokufa, nikahakikisha kila jina mara mbili, nikayatuma, siendi nyumbani moja kwa moja. Napita mferejini. Nusu saa inatosha. Sitoki pale nikiwa na furaha, lakini mabega yameshuka, na nikifika nyumbani watoto wananikaribia. Siku nisipopita wananipisha mlangoni.

Nilitaka kujua kama hilo ni la kwangu tu. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha King's College London walitangaza kazi waliyoifanya kwa kutumia simu za watu. Waliwafuata watu 1,292, wengi wao wa Ulaya na Marekani, na mara kadhaa kwa siku simu iliwauliza: unajisikiaje sasa, na je, unaona au unasikia ndege? Majibu yalipita 26,000. Walikuta kwamba saa ambayo mtu ameona au amesikia ndege, hali ya moyo wake ni nzuri zaidi, na wema huo unabaki naye kwa saa kadhaa. Hata wale ambao waganga walikuwa wamewatambua kuwa na ugonjwa wa huzuni nzito walifaidika. Mwaka huohuo, watafiti wa Ujerumani waliwasikilizisha watu 295 sauti kwa dakika 6 tu. Waliosikia ndege, wasiwasi wao ulipungua. Waliosikia kelele za magari, huzuni yao iliongezeka.

Nilivyosoma hayo niliwaza kwarara wetu, wale wanaopita juu ya nyumba alfajiri wakipiga ile kelele yao ya mtu anayelalamikia deni. Sijui kama watu wa London wangewahesabu. Lakini siku kwarara hawakupita, kila mtu anauliza kumetokea nini.

Sasa mleteni mtafiti huyo Kiringye wakati mpunga unatia maziwa. Ndege wadogo wanakuja kwa makundi kama moshi, wanatua, na shamba linaimba kabisa, kweli linaimba, na wimbo huo ni wa pesa zinazoliwa. Mama mwenye shamba hasikii utulivu wowote pale. Watoto wanatolewa shuleni waende kupiga madebe, kuvuta kamba zilizofungwa makopo na kurusha mawe kwa kombeo tangu kunapambazuka mpaka jua linazama. Mtoto wa jirani yangu, wa darasa la nne, alikuwa amepoteza sauti kwa kupiga kelele siku tisa. Nilimuuliza kama anapenda ndege. Akanijibu kwa kunong'ona: «Wakinyamaza ndiyo ninapumua.» Lakini nyumbani kwao, ndani ya kikapu kilichotoboka, anafuga njiwa aliyevunjika bawa, na kila jioni anakaa naye mlangoni kumsikiliza.

Kwa hiyo sauti ya ndege ni dawa, nakubali, ila sauti haiingii sikioni peke yake. Inaingia na mambo yote yaliyowahi kuja nayo. Bundi akilia juu ya paa, mzungu wa masomo ya ndege atafurahi na kutoa daftari. Hapa mtu atatoka nje na kumrushia kijinga cha moto. Na macho ni vilevile. Wazee wetu waliwahi kuona bonde hili likiwa jeupe kwa pamba wakati wa Wabelgiji. Picha za pamba hiyo zinapendeza, lakini kulima pamba kulikuwa amri, na mzee anayekusimulia weupe ule anakusimulia na fimbo.

Maji nayo yana hadithi yake. Mwaka 2021 kikundi cha watafiti, kikiongozwa na Rachel Buxton wa chuo cha Carleton huko Kanada, kilikusanya kazi nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali juu ya sauti za asili na afya. Ndege walishinda katika kupunguza msongo. Lakini katika kumfanya mtu ajisikie vizuri, sauti iliyoshinda zote ni ya maji: mto, mvua, mawimbi.

Nilimsomea jambo hilo mama mdogo, ndugu ya mama yangu. Akacheka, kicheko kile ambacho si kicheko.

Mama mdogo alikuwa anakaa Uvira, si mbali na mto Mulongwe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne mwaka 2020, mvua ilinyesha milimani juu ya mji, mito ikafurika, na Mulongwe ukashuka na mawe, miti na nyumba za watu. Watu wengi walikufa. Maelfu kwa maelfu walibaki bila nyumba. Milima iliyo juu ya Uvira ilikuwa imevuliwa miti miaka mingi, kwa makala, kwa kuni, kwa mashamba ya mteremko, na udongo usio na mizizi haukuwa na kitu cha kuushika. Mama mdogo alitoka na wajukuu wawili na sufuria moja. Akaja kukaa kwetu Kiringye na bado yupo.

Mwaka wa kwanza, mvua ikianza kugonga mabati usiku, alikuwa anaamka, anawavalisha watoto viatu, anakaa kwenye kiti akiwa amewashika mikono mpaka mvua inaisha. Hakulia wala hakusema kitu. Alikaa tu amevaa, na mfuko wake magotini. Nilimwambia, «Mama mdogo, hapa si Uvira, hapa mto uko mbali.» Akanijibu, «Mwanangu, masikio yangu hayajahama.»

Nenda umwambie mtu huyo kwamba sauti ya maji inamtuliza.

Tena kuna majani. Hili ni zito kidogo, lakini haiwezekani kuandika juu ya kijani cha bonde la Ruzizi na kuliruka. Mahindi yakifika kimo cha mtu, matete yakijaa kando ya maji, mgeni anaona neema. Mwenyeji anaona neema na anaona pia mahali pa mtu kujificha. Bonde hili na milima yake lina tarehe zake: hospitali ya Lemera tarehe 6 mwezi wa kumi 1996, wagonjwa waliuawa vitandani, Katogota tarehe 14 mwezi wa tano 2000, Mutarule usiku wa tarehe 6 mwezi wa sita 2014. Watu wa vijiji hivi walikimbilia majani. Majani yaliwaficha wengi na kuwaokoa, na majani hayohayo ndiyo waliyolalia kwa hofu wakisikia kila kijiti kinachovunjika. Namjua baba mmoja ambaye mpaka leo halimi mahindi karibu na nyumba yake. Analima maharagwe na viazi vitamu, vitu vifupi. Watu wanamwona mvivu. Anachotaka ni kuona mbali.

Na kimya. Mjini watu wanatafuta kimya, wanalipa pesa kukipata. Sisi vyura wakinyamaza ghafla usiku, nyumba nzima inaamka. Vyura wakiimba maana yake hakuna mtu anayetembea ndani ya maji ya mpunga. Kwa hiyo kelele ile inayomkera mgeni hata asilale ndiyo inayotulaza sisi. Mlinzi wetu wa kwanza hana mshahara, na anaishi ndani ya tope.

Kwa nini basi kijani kinatuliza, pale kinapotuliza? Wataalamu wawili wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, waliandika mwaka 1989 kwamba akili ya mtu ina namna mbili za kuangalia. Ya kwanza ni ile ya kukaza: kuhesabu pesa, kuendesha pikipiki kwenye matope, kumsikiliza askari kizuizini ili ujue anataka nini. Hiyo inachoka kama mkono unavyochoka kubeba ndoo, na mtu aliyechoka hivyo anakosa subira na anafanya maamuzi mabaya. Ya pili inakuja yenyewe, bila kukaza: majani yanayotikisika, moto wa jikoni, maji yanayopita. Macho yanashikwa kidogo tu, na ile akili ya kwanza inaweka ndoo chini. Mwili nao unafuata, moyo unapunguza mbio na damu inatulia.

Nimewaza maneno hayo mara nyingi, na nadhani yanaeleza vizuri yaliyotupata. Ili akili iweke ndoo chini, ni lazima mtu awe na hakika kwamba hakuna atakayeipiga teke. Mahindi ya usiku hayatoi hakika hiyo, na mvua ya Mulongwe haitoi. Mti mmoja mkubwa mahali pa wazi, mchana, penye watu wengine, unaitoa. Unaona chini yake mpaka ng'ambo ya pili, unajua nani anakuja, una kivuli kichwani na ndege juu ambao hawali mpunga wa mtu. Ndiyo maana naona kwetu mti wa uwanjani una kazi kubwa kuliko hata ule wa London. Ni karibu kijani pekee ambacho hakijaguswa na woga.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Kuna shule moja hapa kwetu, sitaitaja jina, yenye miembe minne uwanjani. Wazee wanasema ilipandwa na walimu wa kwanza wa shule hiyo. Tangu serikali itangaze masomo ya msingi bila malipo mwezi wa tisa 2019, watoto wameongezeka sana, jambo ambalo kila mzazi alilifurahia, lakini madarasa hayakuongezeka pamoja nao. Watoto wanne wanakaa kwenye benchi la wawili. Darasa moja linasomea nje kabisa, ubao umeegemezwa kwenye shina la mwembe. Kamati ya wazazi imeamua, na ni uamuzi mzuri, kujenga madarasa matatu kwa matofali ya kuchoma. Udongo upo, mikono ipo. Kinachokosekana ni kuni za tanuru. Kuni za milimani zimekuwa mbali na bei imepanda. Basi mtu mmoja kwenye mkutano akainua macho, akaona kuni zimesimama juu ya kichwa chake. (Mkutano ulikuwa chini ya miembe hiyohiyo, saa saba mchana, na hakuna aliyependekeza tuhamie juani.)

Siwasemi vibaya watu wa kamati. Mmoja wao aliniambia, «Bwana mwandishi, kivuli hakifundishi mtoto kusoma,» na ana haki ya kusema hivyo, maana mvua ikinyesha watoto wa darasa la nje wanarudishwa nyumbani, na mwalimu wao amekwisha kupoteza siku nyingi za masomo. Mtu anayelinda miti bila kuhesabu siku hizo anasema maneno matupu.

Lakini nami niliwahesabia mambo yangu. Niliwaambia habari ya Roger Ulrich, Mmarekani ambaye mwaka 1984 alichapisha kazi ndogo ambayo bado inasomwa. Alichukua vitabu vya hospitali moja ya Pennsylvania, akalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kwa ugonjwa wa nyongo. Nusu yao walilala kwenye vyumba ambavyo dirisha lake linaangalia miti. Nusu nyingine, dirisha linaangalia ukuta wa matofali. Kila kitu kingine kilikuwa karibu sawa. Walioona miti walitoka mapema kidogo, karibu siku moja kabla ya wenzao, waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi, na wauguzi waliandika malalamiko machache juu yao. Niliposema «ukuta wa matofali» watu walicheka wakageuka kumtazama fundi. Fundi naye akacheka, lakini akauliza swali la kweli: hao walikuwa wagonjwa, watoto wetu je?

Nikamjibu kwamba watoto wetu wengi ni wagonjwa wa namna ile isiyotoka damu. Wajukuu wa mama mdogo wako darasa lile la nje. Wapo pia waliokuja kutoka vijiji vya juu, ambao mlango ukifungwa kwa nguvu wanaingia chini ya benchi. Mwalimu wao mwenyewe alinieleza kwamba akiwaweka ndani hawamsikii. Akiwatoa chini ya mwembe, wanakaa wakitazama majani dakika chache, anawaacha, kisha anaanza.

Nikawatajia na Zimbabwe. Kule Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kufika hospitalini kwake. Baada ya hapo aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza watu wenye huzuni, na kwa sababu ndani ya kliniki hakukuwa na nafasi, walikaa nje, kwenye mabenchi ya mbao. Mwaka 2016 ilitangazwa kazi iliyowafuata watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi na bibi walikuwa na huzuni kidogo sana kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Sidanganyi mtu kwamba ni kivuli kilichowaponya. Kilichowaponya ni bibi na maneno yake. Ila bibi anahitaji mahali pa kukaa, na mtu mwenye aibu hafunguki mbele ya dawati.

Mama mdogo alikuwa amekaa nyuma na akina mama. Hakuwa ameomba neno. Alisimama tu, akasema kwamba usiku ukiwa wa mvua, kukicha anawaleta wajukuu shuleni na yeye harudi nyumbani. Anakaa kwenye mzizi wa mwembe wa upande wa barabara, anachambua sombe yake, anasikiliza matone yanayodondoka kutoka kwenye majani. «Yale ndiyo maji ninayoweza kuyasikiliza,» alisema. «Yanadondoka polepole. Mukikata, sawa, watoto wasome. Lakini muniambie nikakae wapi.» Kisha akakaa.

Watu walinyamaza kidogo. Nilikuwa sijajua jambo hilo, na tunakaa nyumba moja.

Baada ya hapo mkutano ukageuka kuwa wa ufundi, na hapo ndipo ulipokuwa na faida. Mtu aliyewahi kufanya kazi Tanzania alisema kwamba kule Mbeya na Morogoro matofali yanachomwa kwa pumba za mpunga. Ni kweli, wengi wanafanya hivyo. Na sisi pumba tunazo: pembeni ya kila mashine ya kukoboa kati ya hapa na Luvungi kuna mlima wake, na mara nyingi wanauwasha moto ili tu kupata nafasi. Fundi alieleza taabu yake. Pumba zinaungua polepole, moto hauruki kama wa kuni, kwa hiyo tanuru lazima liwe dogo, matofali yapangwe na njia za hewa, na pumba zijazwe katikati ya mistari na kuzungushiwa nje. Aliwahi kujaribu zamani: ya ndani yaliiva vizuri, ya pembeni yalibaki mabichi, akayatumia kwa ukuta wa jiko. Anaamini akipata pumba za kutosha, na kuni kidogo za kuwashia, atafanya vizuri zaidi. Mwembe mmoja, ule wa nyuma ya vyoo, umeliwa na mchwa na ulikuwa umekwisha kufa upande mmoja. Huo hakuna aliyeutetea, hata mimi. Utatoa kuni za kuwashia.

Wengine walinung'unika kwamba kubeba pumba kutagharimu kuliko kununua kuni. Inawezekana, kama tutazifuata mbali. Walikubaliana fundi achome kwanza tanuru dogo la majaribio, matofali 500, kabla shoka halijagusa ile miembe mitatu mizima. Wenye haraka wamepewa wiki mbili. Mtu fulani amekwisha kuipaka chokaa mashina yote matatu, mstari mweupe kwa kimo cha kifua, na watoto wameanza kuutumia kupimana urefu.

Mpaka leo asubuhi tumekusanya magunia 14 ya pumba. Fundi anasema anahitaji 40. Wenye mashine za kukoboa mlio kati ya Bwegera na Luvungi, msichome pumba zenu wiki hii. Mwenye kinga anayeweza kubeba magunia mawili kila safari atalipwa na kamati, bei imeshakubaliwa. Zinapokelewa uwanjani kwa shule kila siku kuanzia saa moja, isipokuwa siku ya Mungu. Ukifika usipoona mtu wa kamati, muulize mama atakayekuwa amekaa kwenye mzizi upande wa barabara.